Ndege Baba na Madaftari Mawili

Ndugu zangu wa baraza,

Kila siku baada ya alasiri mnaniuliza nilikuwa wapi na nilifanya nini, na kila nikianza kujibu mnanikatiza. Mmoja anataka kujua kama theluji inaliwa, mwengine kama kweli kuna mahali jua halizami, wa tatu anacheka kabla sijafika popote. Basi nimeamua kuandika. Karatasi haikatizwi. Habari za pasi na viza naziruka, kwa sababu ziliniudhi zilipokuwa zinatokea na sitaki ziniudhi mara ya pili.

Oslo hadi mwisho wa reli

Mnajua kwamba nilitoka Unguja kwenda kusoma kabla ya mambo ya mwaka sitini na nne, na kwamba tangu hapo sikuwa na pa kurudi. Mama alikimbilia Dubai, kisha Kuwait. Mimi nikazunguka mpaka nikaishia Norwe, chuo kikuu, kusomea wanyama. Huko alikuwako mwalimu wangu, Daktari Solveig, bibi wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau maziwa jikoni. Mwaka wa sabini alitaka watu wawili wa kwenda naye kaskazini kabisa kuangalia ndege. Alinichagua mimi kwa kuwa niliwahi kumwambia kwamba utotoni nikikaa pwani saa nyingi maji yakitoka, nikitazama ndege wakidonoa matopeni. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakwepa chuo cha Kurani.

Tuliondoka Oslo mwishoni mwa Mei. Daktari alitangulia kwa ndege, mimi nikapelekwa na mizigo kwa treni. Siku ya pili theluji iliporomoka mlimani ikafunika reli, na tukakaa mahali pamoja saa tisa nzima.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja mwenye kikapu. Ilipofika saa ya kula alifungua, akatoa mkate na samaki wa kukaanga, akaninyooshea. Nikasema, "Ahsante, nimeshiba," kama mtu yeyote mwenye adabu zake, nikingoja anibembeleze. Yule bibi akatikisa kichwa kwa upole, akafunga kikapu, akakiweka juu. Nilikaa na njaa yangu mpaka jioni. Aliponiuliza tena nilijibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Melini, na halwa isiyokuwa halwa

Reli iliishia baharini, nikapanda meli inayopita mji hadi mji kando ya pwani. Asubuhi ya kwanza waliweka chakula mezani, kila mtu ajipakulie. Nikaona, wallahi, donge la halwa. Rangi ile ile ya hudhurungi, linang'aa, limekatwa kwa unadhifu. Miaka sita sijaonja halwa! Nilijikatia kipande cha kutosha watu watatu, nikamwomba mtumishi kahawa isiyokuwa na maziwa, nikakaa dirishani peke yangu ili nisisumbuliwe.

Ilikuwa jibini. Jibini ya mbuzi, ina utamu kidogo na chumvi kidogo, inaganda kwenye meno. Mtumishi alikuwa ananitazama, kwa hiyo niliila yote. Baadaye akaja kuniambia kwamba hajapata kuona mgeni anayeipenda namna ile, na kila asubuhi akaniwekea kipande kikubwa kuliko cha jana. Siku nne.

Kupanda uwanda kwa sleji

Bandari ya mwisho ilikuwa nyumba kama thelathini na harufu ya samaki. Nilipokewa na Nils na mjomba wake. Hawa ni watu wa asili wa nchi ile, wafugaji wa kulungu wa theluji. Nils alikuwa rika langu, mfupi, mpole, na Kiingereza chake kilikuwa cha shule kama changu. Yeye ndiye mtu wa pili aliyechaguliwa na Daktari. Mjomba hakujua neno la Kiingereza. Alinipa mkono, akanitazama viatu, akasema kitu, Nils akacheka, na nikapewa mabuti ya ngozi yaliyojazwa majani makavu.

Tulipanda sleji, gari la mbao lisilo magurudumu, likivutwa na kulungu wawili. Tulikwenda siku mbili kwa sababu mjomba alisimama kila alipotaka kahawa, na alitaka mara nyingi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba jangwa ndiyo nchi tupu. Uwanda ule ni mtupu zaidi, hauna hata mti mmoja, ni weupe mpaka macho yanauma, na pale theluji ilipoanza kuyeyuka ilionekana kuvu ya kijani na vidimbwi vyeusi. Jua lilizunguka juu ya vichwa vyetu bila kushuka. Niliogopa, nasema kweli. Sikumwogopa mtu wala mnyama. Niliogopa kukosa magharibi na isha.

Rafiki yangu mmoja Mmisri aliniambia kabla sijaondoka: sali kwa saa. Basi nilikuwa na saa mbili. Moja ilikuwa ya kazi, niliyopewa na Daktari, inayokwenda kizungu. Ya pili ilikuwa saa ya marehemu baba, ambayo maisha yake yote ilihesabu kama tunavyohesabu sisi, saa moja ni saa moja ya asubuhi. Niliilinganisha tu na mchana wa Norwe, hesabu yake sikuigeuza. Nilisali kwa hiyo na moyo ukatulia.

Ndege baba

Daktari alikuwa na kibanda cha mbao kando ya mto. Kazi yake ilikuwa juu ya ndege mmoja mdogo, si mkubwa kuliko shomoro aliyenenepa, mwenye shingo nyekundu, anayeogelea vidimbwini akizunguka kama pia ili kuvuruga wadudu watoke chini. Ndege huyu mambo yake ni kinyume. Jike ndiye mwenye rangi nzuri, ndiye anayetongoza na kupigana. Akishataga mayai manne anaondoka zake. Dume mnyonge anabaki kuatamia peke yake na kulea peke yake.

Najua mtacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona.

Swali la Daktari lilikuwa hili: baba huyu yuko peke yake, na lazima ale. Anaweza kuyaacha mayai kwa muda gani katika baridi ile kabla hayajafa? Alikuwa amelitafuta jibu misimu mingi, na huu ulikuwa msimu wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Kwa hiyo alituweka mimi na Nils sehemu mbili. Mimi nilipiga hema karibu na kiota, nikiandika dakika ndege alipoondoka na dakika aliporudi. Nils alipiga lake ng'ambo ya kilima, penye kidimbwi ambapo ndege huyo huyo, aliyevishwa pete ya njano mguuni, alikwenda kula. Nikiandika kwamba ameondoka, baada ya kitambo kidogo Nils alitakiwa aandike kwamba amefika. Kila mmoja alilala alipoweza, maana usiku haukuwako. Tulikutana kibandani kwa Daktari kila siku ya nne kuchukua chakula na kumwonesha madaftari.

Nilimpenda yule ndege. Aliketi pale na upepo unampeperusha manyoya, jicho moja kwangu. Nilikuwa namsomea na kumwimbia kila nilichokumbuka, kutoka Yasin mpaka nyimbo za harusi.

Madaftari yanagombana

Siku moja nikichota maji niliteleza, mkono ukazama kwenye maji ya barafu, na saa ya kazi ikafa. Haikunishughulisha. Nilikuwa na saa ya baba. Nilijiambia kila nikiandika nitaongeza au kupunguza saa sita, basi.

Siku ya nne ilipofika nilikwenda kibandani nikamkuta Nils, na mjomba wake aliyeleta unga na mafuta ya taa. Daktari aliweka madaftari yetu mawili upande kwa upande, akavaa miwani. Akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kisha akavua miwani.

"Hapa Said anasema ndege yuko juu ya mayai," alisema. "Nils anasema dakika hiyo hiyo ndege yuko kidimbwini anakula. Hapa ni kinyume. Mara kumi na mbili, kinyume. Siku nyingine yanapatana, siku nyingine hayapatani kabisa."

Mjomba akajimiminia kahawa.

"Mmoja wenu alikuwa amelala na ameandika kutoka kichwani," alisema. "Uchovu naweza kuusamehe. Uongo siuwezi, kwa sababu sitajua tena lipi la kuamini. Nataka kujua ni nani, na huyo atashuka leo na sleji."

Ndugu zangu, damu ilinipanda. Nilifikiria macho yangu yaliyovimba, na baridi, na jinsi nilivyojikaza. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi sikulala! Muulize Nils!"

Daftari langu lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula. La Nils lilikuwa na madoa ya kahawa na lilinuka moshi. Daktari alimtazama Nils. Nils alinitazama mimi, si kwa hasira, kisha akatazama chini. Mjomba akauliza kuna nini. Daktari, aliyeijua lugha yao kidogo, akamweleza. Uso wa yule mzee ulibadilika. Aliweka kikombe chini akatoka kwenda kufunga kulungu.

Ikawa Nils ndiye wa kushuka, nami nikaambiwa nirudi kiotani, kwa sababu ndege hangojei ugomvi wa watu. Nilikwenda nikijiona mwenye haki.

Kukimbia na buti moja

Mwendo ulikuwa wa saa nzima. Nilipofika ndege alikuwa ametulia. Nikatoa daftari niandike kwamba nimeanza kazi, nikatazama saa ya baba, nikaandika: saba na dakika tano.

Nikabaki nimeshika kalamu. Nilikuwa nimetoka kibandani, na saa ya ukutani kwa Daktari ilikuwa imeonesha kumi na mbili kamili, mshale juu ya mshale. Baada ya mwendo wa saa moja, kwa Daktari sasa ilikuwa moja. Mimi nimeandika saba, wala sikusita. Mkono umeandika kama ulivyofundishwa tangu utotoni.

Nilifungua kurasa za nyuma. Kuna mahali nilikumbuka kubadilisha. Kuna mahali, nilipochoka, sikukumbuka. Kwetu kosa hilo lingeonekana papo hapo, kwa sababu hakuna anayeandika saa tatu gizani akaisoma kuwa ni mchana. Kule giza halikuwako, na saa zote zilifanana.

Niliacha kila kitu nikakimbia. Theluji ilikuwa imeyeyuka nusu, kila hatua nazama mpaka gotini. Buti moja ilibaki chini na sikurudi kuichukua. Nililia njiani, sioni haya kusema, si kwa baridi bali kwa kuukumbuka uso wa yule mzee. Kibandani sleji haikuwapo. Daktari alinyoosha mkono kuelekea chini mtoni, nikapita mbio bila kumweleza.

Alhamdulillahi kwa barafu mbovu. Kivukoni barafu ilikuwa imepasuka, na ikawabidi wapakue mizigo waivushe kidogo kidogo. Nils alikuwa amejitwika gunia. Nilimshika mkono, pumzi zimenikatika.

"Si wewe," nilisema. "Ni saa yangu. Niliandika saa za kwetu. Hukulala."

"Najua," alisema Nils.

"Unajua?"

"Sikulala, hilo nalijua. Na wewe hukulala, maana unaimba kutwa kucha na upepo unaleta mpaka kwangu. Basi nilijua kosa liko mahali pengine."

"Mbona hukusema?"

Aliweka gunia chini. "Ungeniuliza, ningesema. Hukuniuliza mimi. Ulimwambia Daktari aniulize."

Nilimwomba msamaha, akasema basi, yameisha, akatazama mguu wangu akasema nikiendelea kusimama hivyo utakatwa. Alimpigia mjomba wake kelele ng'ambo, maneno mawili, matatu. Mzee alikuwa ameshavuka na kulungu, hakugeuka. Nils akachukua mkoba wake, akanivua soksi, akanivisha kofia yake mguuni, tukarudi sote wawili.

Kuanguliwa

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifukuze mimi. Akaniuliza saa ya baba ilitoka wapi, akaishika mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Tufanye kazi."

Kilichotuokoa ni ulalamishi wangu. Kila jua liliponipiga machoni nikitazama kwa darubini, nilikuwa naandika pembeni, "jua usoni, taabu." Likiwa nyuma niliandika, "jua kisogoni, afadhali." Kwa kuwa jua linazunguka duara nzima kila siku, Daktari aliweza kujua kila mstari ni wa saa za nani. Tulikaa siku mbili, yeye anapima, Nils anasoma, mimi nasahihisha. Madaftari yakapatana dakika kwa dakika. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu kivukoni.

Siku moja kabla ya mayai kuanguliwa, theluji ilianguka tena, katikati ya kiangazi. Ndege baba aliketi mpaka akawa kibonge cheupe chenye mdomo. Hakutoka siku nzima kula. Asubuhi yake walitoka makinda manne, wakakauka, na kabla ya alasiri wakawa wanamfuata majini. Daktari alipangusa miwani yake mara nyingi siku hiyo.

Kushuka, na njia ya Maskati

Tulishuka Agosti. Mjomba hakuja kutuchukua. Alikuja jamaa mwengine, na sleji haikuhitajika tena, tulitembea. Nils aliniaga bandarini na kunipa kisu chenye mpini wa pembe. Nilipofika Oslo nilikuta barua ya mama: mlango wa Maskati umefunguliwa kwa watu wetu, amekwishafika, anakaa Matrah kwa kaka yake, nije.

Nilikuja Disemba, kupitia Beiruti na Bahreni. Bahreni tulikwama siku mbili kwa mvua, maana uwanja wetu uko katikati ya majabali na rubani hakutaka kubahatisha. Nimekaa kwenye benchi nimekata tamaa, nikasikia mama mmoja anamgombeza mwanawe: "Weye, kaa kitako! Utanivunjia chupa!" Niligeuka kama niliyepigwa. Chumba kizima, nilikuja kugundua, kilijaa watu wetu, wengine wametoka Burundi, wengine Mombasa, wote wanarudi nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Yule mama alifungua kikapu akanipa mkate wa mofa na samaki. Nilikataa, akanibembeleza, nikakataa, akanigombeza kama alivyomgombeza mwanawe. Nilikula kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinishika uso kwa mikono miwili, nami miaka sita yote ikanitoka machoni.

Barazani

Yaliyofuata mnayajua nusu. Siku ya tatu mlikuja kunitazama, nikawahadithia habari za ndege na madaftari. Nilipofika pale Daktari aliposema mmoja wetu alilala, mmoja wenu akapiga makofi, "Yakhe, huyo mzungu wa kulungu kalala fofofo!" Mkacheka wote. Halwa ikaletwa, kahawa ikamiminwa, maneno yakahama. Nami nikayaacha yahame. Ilikuwa tamu kuwa mbele yenu mtu wa kwetu aliyekesha wakati wengine wanakoroma.

Mlipoondoka mama alinita ndani. Habari nzima anaijua, nilimwandikia toka Oslo.

"Saidi, n'nakuuliza. Yule kijana, ulimtaka radhi?"

"Nilimtaka, mama. Pale pale mtoni."

"Mlikuwa na nani?"

"Peke yetu. Mjomba wake keshavuka."

"Na ulipomsingizia, mlikuwa na nani?"

"Na Daktari, mama."

"Mjomba wake alikuwapo," alisema. "Kasikia. Na leo barazani kwangu watu kumi wamesikia. Sasa nani atawambia? Yeye mwenyewe? Nani atamwamini mtu akijisemea?"

Aliinuka akaniletea karatasi na wino, akaweka mbele yangu, akaenda zake jikoni.

Barua ya kwanza niliiandika usiku ule ule kwa Daktari, nikimwomba aende mwenyewe kwa yule mzee na amsomee kwa lugha yake, mbele ya jamaa zake wote. Jibu lilifika juzi. Amekwenda. Mzee alisikiliza, akaomba isomwe tena, kisha akatuma mtu kumwita Nils aje ale.

Barua ya pili ndiyo hii, na ni yenu. Mpitishiane, na aliyepiga makofi aisome kwa sauti. Mimi ndiye niliyekosea. Nils hakulala.